Baba Chini ya Mkeka

Sehemu ya Tisa

Nilijua mtageuza uso.

Wiki iliyopita niliwaachia mzee wa miaka sabini na minne amepiga magoti kwenye majani yenye umande, mbele ya nyumba ya mwanamke aliyefiwa na mwanawe, amejifunika mkeka gubigubi. Nikangoja barua zenu. Zikaja. Mmoja anauliza kama Sieni atazaa mapacha. Mwingine anataka kujua lile gari ni la mwaka gani. La mwaka gani! Mzee je? Hakuna aliyemwuliza mzee. Mmemwacha pale kama watu wa mtaa ule walivyomwacha, siku saba nzima, mkiendelea na chai yenu.

Leo mtamtazama.

Kwa aliyechelewa kuingia, habari ni hii. Siku kumi na tisa zilizopita Lafaele, mkata nyama wa hapa Logan, alikwenda uwanja wa ndege kumpokea baba yake, Mzee Iakopo, aliyekuja kutembea kutoka Savai'i, kisiwani kwetu. Walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na minne. Wakiwa njiani kurudi, saa kumi na moja alfajiri, gari liliacha njia likamgonga kijana aliyekuwa kwenye baiskeli akiwahi kazini, kwenye tanuri la mikate. Darcy Tully, miaka kumi na tisa. Hakufika hospitali.

Lafaele ameshtakiwa. Yuko nje kwa dhamana, na dhamana ina sharti lenye meno: asiikaribie nyumba ya mama wa marehemu kwa mita mia moja. Akikaribia, ni ndani hadi siku ya hukumu.

Lakini Mzee Iakopo hana habari na dhamana. Yeye anajua ifoga. Damu ikimwagika, mkubwa wa ukoo huamka mapema, huenda kwa wafiwa, hupiga magoti na kujifunika mkeka bora kuliko yote aliyo nayo. Wafiwa wakiufunua, wamesamehe. Wasipoufunua, anakaa.

Basi alikuwa amekaa.

*

Lafaele alisimama kwenye sanduku jekundu la posta, konani. Askari ndiye aliyemwonyesha siku ya dhamana: hapa ndipo mwisho wako, Ralph. Kazini na polisi wanamwita Ralph. Kutoka pale aliiona nundu ya rangi ya mchanga mbele ya nyumba namba kumi na saba, na nyuma ya nundu nyayo mbili za baba yake, zimetazama mbinguni.

Simu ikalia. Mkewe, Sieni, alikuwa zamu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali.

"Umempata?"

"Nimemwona."

"Sijauliza umemwona."

"Yuko kwa yule mama. Kwenye majani. Amejifunika mkeka wa marehemu mama."

Kwenye simu zikabaki mashine tu zinaunguruma. Kisha Sieni akasema, "Wewe uko wapi?"

"Kwenye sanduku la posta."

"Kaa hapo hapo. Jifanye barua. Ukivuka hata unyayo mmoja, Lafaele, leo unalala ndani."

"Ana kisukari, Sieni. Ametoka hata kakao hajanywa."

"Na wewe una watoto watatu, na wao kakao wanakunywa kila siku. Mwite kwa sauti."

"Nimemwita. Hasikii."

"Hataki. Tangu ashuke kwenye ndege masikio ya mzee huyo yanasikia kengele ya kanisa peke yake."

Saa moja na dakika kumi mlango wa namba kumi na saba ulifunguliwa.

Noreen Tully alitoka na kikombe cha chai mkononi, miguuni viatu vya manyoya vya kushindia ndani. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye usiku kwake umekuwa jina tu. Aliiona nundu. Alidhani mtu ametupa zulia kuukuu, maana mtaa ule wana tabia ya kutupiana takataka. Akaguna. Kisha zulia likakohoa.

"Wee," alisema. "Uko salama humo?"

Zulia likakohoa tena.

Noreen akaweka kikombe kwenye ngazi. Akainama. Akashika ncha ya mkeka, akaufunua.

Kule konani Lafaele alisema "hapana" kwa sauti ambayo hata sanduku la posta halikuisikia.

Mzee Iakopo aliinua kichwa. Mwanga ulimpiga usoni, na ndani ya mwanga akaona mkono wa mama mfiwa umeshika mkeka, umeuinua. Maishani mwake alikuwa ameshuhudia ifoga mara mbili tu. Mara moja, akiwa mtoto, babu yake alikaa juani tangu alfajiri hadi adhuhuri, na waliofiwa wakampita wakienda shambani na mapanga yao bila kusema neno. Na huyu mwanamke mgeni, saa nzima haijaisha, amemfunua.

Mzee alilia. Akaishika miguu ya Noreen kwa mikono yote miwili, akaweka paji la uso juu ya vile viatu vya manyoya.

"Niachie mguu," Noreen alisema. "Bwana, tafadhali. Niachie mguu."

Akarudi nyuma, kisigino kikagonga kikombe, chai ikatiririka kwenye ngazi. Mzee akadhani naye amezidiwa. Akauvuta mkeka, akautandaza mbele yake, akausogeza kwa viganja: sasa ni wako. Kisha akaanza kusema, kwa maneno ya wakubwa, yale ya kikao, yanayoanza na mababu ndipo yafike kwa walio hai.

"Sielewi," Noreen alisema. "Sielewi hata neno moja."

Akatoa simu mfukoni. "Kuna mzee hapa mbele ya nyumba yangu. Namba kumi na saba. Hapana, hana silaha. Ana mkeka."

Akakata. Akaangalia huku na huku mtaani. Magari mawili yalipita polepole, madereva wakageuza shingo, wakaenda zao.

"Hakuna anayemjua mzee huyu?" Noreen aliuliza barabara.

Lafaele alikuwa bado na simu sikioni.

"Lafaele," Sieni alisema. "Nasikia miguu yako. Lafaele, naisikia miguu yako."

Kutoka sanduku lile hadi namba kumi na saba ni hatua mia moja ishirini na nane. Nimezipima mwenyewe. Alizimaliza zote.

*

Noreen alimtambua alipofika getini.

"Ni wewe. Siku ile mahakamani ulivaa tai."

"Ndiyo, mama."

"Huruhusiwi kuwa hapa."

"Najua. Huyu ni baba yangu. Nipe dakika moja nimwondoe, kisha polisi wafanye kazi yao."

"Alikuwa ananiambia nini?"

Lafaele alichuchumaa. "Baba, inuka twende."

"Haraka ya nini?" Uso wa mzee ulikuwa umelowa na unang'aa. "Hukuona? Amenifunua. Mwenyewe, kwa mkono wake. Nilikuwa nawasema vibaya watu hawa, nikidhani hawana mila. Wametushinda kwa moyo, Lafaele. Wametushinda mbali."

"Baba, hajakusamehe."

"Amenifunua."

"Hajui mkeka huu ni nini. Alidhani mtu ametupa zulia. Aliufunua aone kuna nini chini."

Mzee alimtazama mwanawe, kisha akamtazama yule mama, kisha ile chai iliyomwagika.

Akauvuta mkeka kutoka miguuni pa Noreen, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichokiokota kumbe kina mwenyewe. Akajifunika. Nyayo zake zikabaki nje vilevile.

"Basi bado," sauti ilisema kutoka ndani.

Lafaele alifunika uso kwa viganja.

"Amefanya nini?" Noreen aliuliza. "Mbona amejifunika tena?"

Akamweleza. Alimweleza vibaya, kwa haraka, jicho likiwa barabarani ambako lingetokea gari la polisi. Noreen alisikiliza bila kumkatiza.

"Na nisipofunua?"

"Atakaa."

"Mpaka lini?"

"Sisi tukikaa, mama, hatuulizi mpaka lini."

Noreen akaketi kwenye ngazi, kwenye ile ile chai. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mpishi wa shule, na tangu maziko majirani walikuwa wakimletea vyungu vya chakula ambavyo hakuvifungua.

"Sitaki kumwonea mzee," alisema. "Lakini siwezi kufunua kitu nisichokijua. Mwambie aseme kwanza. Aseme akiwa humo humo. Na wewe uniambie kila anachosema, usipunguze."

Mzee alianza upya, taratibu. Sauti yake ilipita kwenye mkeka ambao mkewe aliusuka kwa miaka minne, ikatoka laini.

"Mwambie kijana wake hakufa peke yake. Nilishuka nikakaa naye barabarani. Alinishika kidole. Nikamwimbia wimbo wetu wa sala ya jioni, kwa kuwa sikujua mwingine. Aya ya tatu kidole kikalegea. Nikaimaliza ya nne."

Hilo Lafaele alilifasiri lote, neno kwa neno.

Noreen akauliza, "Kidole kipi?"

Lafaele akauliza. Mkono ulitoka chini ya mkeka, umekauka, una makovu ya panga la minazi. Ulibaki na kidole kimoja kimenyooka, cha shahada.

Noreen alikitazama kidole kile. Akashuka kwenye ngazi kwa magoti. Akakishika.

Wakakaa hivyo, mama na kidole, na uso wa mzee haujaonekana.

"Sasa mwambie lile jingine," sauti ilisema. "Mwambie kwa nini gari liliacha njia."

"Baba, inatosha."

"Mwambie nilikupiga."

*

Naam. Wiki nane mmekuwa mkimtukana Lafaele. Mwoga, mmeandika. Anajificha nyuma ya wakili. Sasa nyamazeni mnisikilize.

Ndani ya gari lile alfajiri ile hawakuwa wakifurahia kuonana. Dakika ishirini za kwanza mzee hakutamka neno. Walipovuka mto ndipo alipofungua mdomo.

"Tulimlaza mama yako siku nne sebuleni tukikungoja. Nne. Barafu ya kijiji kizima iliisha."

"Nilikuwa sina karatasi, baba. Ningetoka nisingerudi."

"Usingerudi. Ungekuwa nyumbani."

"Nyumbani nani angelipa ada za wadogo zangu? Paa la kanisa lako nani alilinunua?"

"Sikukuita kwa paa. Nilikuita kwa mama yako."

Hapo Lafaele alitoa neno alilolihifadhi kifuani kwa miaka tisa, tangu siku ile ya simu ya msiba. "Hospitali ilikuwa mwendo wa basi na feri. Wewe ukamweka wiki tatu kwa mkandaji, akipakwa mafuta. Mama hakufa. Ulimuua kwa ubishi wako."

Kwetu mtoto hana umri mbele ya mkono wa baba yake. Awe na miaka minane, awe na thelathini na tisa na usukani mikononi. Mkono wa mzee ulikwenda wenyewe. Kofi moja, la uso. Gari likayumba kushoto, na kushoto kulikuwa na taa ndogo nyekundu ya baiskeli.

Kofi lenyewe hakuna aliyelisikia ila wao wawili.

Polisi walipofika mzee alijisalimisha palepale, mikono mbele. Alisema yote. Wakamtafutia mkalimani, hayupo, wakaambiwa, labda mchana. Basi yule askari akafanya walichozoea kufanya tangu zama za baba zetu: akamgeukia mwana. Baba yako anasema nini?

Nami nakumbuka, hata kama ninyi hamtaki kukumbuka. Nakumbuka mwaka ule kule Auckland polisi walipokuwa wakigonga milango yetu kabla jua halijatoka, wakiwasaka wasio na karatasi, na mtoto wa kike wa miaka tisa, jirani yetu, akawekewa karatasi ya serikali mkononi amsomee baba yake kwamba anafukuzwa nchini. Aliisoma. Hakuruka hata mstari.

Lafaele aliruka. "Baba anasema alikuwa amelala," aliwaambia. "Hakuona kitu." Kisha akamgeukia mzee. "Wamekuelewa, baba. Wanasema sheria ya huku inamshika mwenye usukani tu."

Siku kumi na tisa mzee ameishi akidhani amekiri, na sheria ya wageni imelidharau ungamo lake. Ndipo akauchukua mkeka. Kama sheria haimtaki, aende kwa mwenye msiba mwenyewe.

*

"Anasema nini?" Noreen aliuliza. Bado alikuwa amekishika kidole.

"Anasema..." Lafaele alikitazama kile kidole. "Anasema mimi nilitoka zamu ya usiku. Nililala kwenye usukani. Ananiombea radhi kwako, kwa kuwa mimi ni mwanawe."

"Mbona umesema maneno machache hivyo?" sauti iliuliza chini ya mkeka. "Umemwambia kofi?"

"Nimemwambia, baba."

Noreen aliachia kidole.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Wakili wako alisema mbele ya hakimu kwamba Darcy hakuwa na taa."

"Alikuwa nayo. Niliiona."

"Nilimnunulia mimi ile taa," Noreen alisema, na akasimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Kile kidole kilibaki nje peke yake, kimenyooka, kinangoja.

Gari la polisi liliingia mtaani bila king'ora.

Walishuka wawili. Sajini mmoja mzee kidogo, mwenye kitambi cha kazi ya mezani. Na konstebo msichana, Moana Tuala, mzaliwa wa hapa hapa Logan, aliyelelewa na bibi yake.

"Ralph," sajini alisema. "Umenisikitisha, Ralph. Nilikuonyesha sanduku mwenyewe."

"Nimekosa, bwana mkubwa. Nifunge tu. Baba yangu mpelekeni nyumbani, mke wangu atampokea."

Ili kumfikia Noreen ilimbidi Konstebo Moana apite mbele ya mkeka. Na mwili wake ukafanya kile ulichofundishwa kabla haujafundishwa kuvaa sare: akainamisha mgongo, mkono chini, akaomba njia kwa sauti ndogo. Kisha akapiga goti moja majanini.

"Mheshimiwa," alisema kwa lugha yetu, "umefuata nini kwa watu asubuhi hii?"

Mkeka ulishtuka. "Nani huyo? Binti wa nani?"

"Mjukuu wa Faapito, wa Sasina."

"Ah, wa Faapito mcheza karata." Ilikuwa karibu kicheko. "Basi umekuja wakati mzuri, mjukuu. Mwanangu ameshamweleza mama huyu, nangoja jibu. Nilimpiga kofi akiendesha. Niliwaambia wenzako tangu siku ya kwanza, wakaniacha."

Konstebo akamtazama Lafaele. Lafaele akatikisa kichwa, taratibu, akimsihi kwa macho.

"Hukusema hivyo, mzee wangu," msichana alisema. "Faili nimelisoma. Imeandikwa ulikuwa umelala."

Hapo mkeka ulifunuliwa, na aliyeufunua ni aliyekuwa chini yake. Tangu niijue dunia sijasikia mtu aliyefanya hivyo. Mzee alikaa kitako majanini, nywele zimesimama, na akamtafuta mwanawe.

"Nilikuwa nimelala?"

"Baba, nisikilize."

"Mtoto wa watu anakufa mkononi mwangu, na mimi nimelala?"

"Wangekufunga. Ungefia humo, hujui lugha, hujui hata kuomba maji. Mama sikumzika. Nilitaka wewe nikuzike vizuri."

"Na leo je? Leo umemwambia nini mama huyu kwa kinywa changu?"

Lafaele aliutazama mkeka.

"Mara mbili," mzee alisema. Sauti ilikuwa ya chini kabisa, na ingekuwa heri kama angepiga kelele. "Nilikuja na vitu viwili tu kutoka nyumbani, Lafaele. Mkeka wa mama yako na neno langu. Mkeka ninao."

Lafaele alipiga magoti mbele ya baba yake, pale pale kwenye majani ya watu, akainamisha kichwa. Mzee aliinua mkono. Sote tunaujua mkono ule. Ulifika juu, ukasimama, ukashuka polepole hadi kwenye shavu lile lile. Ukakaa hapo.

"Mtoto mjinga," alisema mzee. "Mtoto wangu mjinga."

*

"Kuna mtu ataniambia kinachoendelea?" Noreen aliuliza kutoka mlangoni.

Konstebo Moana akasimama. "Mama Tully, ulichoambiwa sicho alichokisema mzee. Alichokisema..."

"Ngoja," sajini alisema. "Ngoja kwanza, Tuala. Mbona ulimwinamia huyu mtu?"

"Ni mkubwa, sajini. Tunapita hivyo mbele ya wakubwa."

"Mnajuana?"

"Simjui. Anamjua bibi yangu. Ni kijiji kimoja."

"Kwa hiyo ni ndugu yako."

Msichana angeweza kusema hapana. Kwa hesabu zao ingekuwa kweli kabisa. Lakini mzee alikuwa amemtazama, na bibi yake hakumlea amkane mtu wa kijiji chake mbele ya uso wake.

"Kwa namna yetu," alisema, "ndiyo."

"Basi rudi kwenye gari. Huwezi kugusa kesi ya nduguyo. Na usimfasirie chochote mtu yeyote, nikisikia neno moja nakuandika. Ataletwa mkalimani rasmi."

"Lini, sajini? Mara ya kwanza mlisema mchana. Leo ni siku ya kumi na tisa."

"Kwenye gari, Tuala."

Akaenda. Alipopita mbele ya mzee aliinama tena, safari hii mbele ya macho ya sajini, chini kuliko mwanzo.

Hakuna aliyemjibu Noreen Tully. Walimfunga Lafaele pingu, wakampakia mzee nyuma kando ya mwanawe, na mama akabaki kwenye majani yake na mkeka wa watu. Aliuinua ncha moja. Akautazama upande mmoja, akautazama upande wa pili. Asubuhi ile alikuwa ameshakishika kidole kilichoshikwa na mwanawe, ameshaambiwa uongo juu yake, na amebaki hajui kipi ni kipi.

*

Kituoni waliwatenganisha. Lafaele chumba cha mwisho, mlango wa chuma. Mzee Iakopo chumba cha mbele, kiti cha plastiki, maji kwenye kikombe cha karatasi.

Alipiga ukuta kwa kiganja. "Lafaele."

"Naam, baba."

"Umekula?"

"Sijala. Baba, wakikuletea karatasi usiishike. Umesikia? Ngoja mkalimani."

Lakini mlango wa korido ulikuwa umeshafungwa, na jibu lililofika kwa mzee lilikuwa mvumo tu.

Sajini aliingia. Mkalimani, kwa simu, alisema Alhamisi ya wiki ijayo. Hakimu anakaa leo saa nane. Sajini si mtu mbaya, hilo ndilo linalonichosha. Kwa maisha yangu yote sijakutana na mtu mbaya, nimekutana na watu wenye haraka. Alichapisha upya maelezo yale ya siku ya kwanza, yale ya kwenye faili, ili mzee ayathibitishe kwa mkono wake. Akaweka alama ya msalaba mahali pa kutia sahihi. Akaweka kalamu.

Mzee aliinama juu ya karatasi. Hajui Kiingereza, lakini jina lake analijua, na lilikuwa pale juu: Iakopo. Aliona jina la Lafaele. Akaona jina la kijana, Darcy, ambalo alijifunza kulisoma gazetini siku ya maziko. Majina yote matatu pamoja, na maneno mengi chini yake.

Uso wake ukafunguka. Yule mjukuu wa Faapito, aliwaza. Amewaambia. Hatimaye wameandika neno langu.

Akaichukua kalamu kwa furaha.

Karatasi inasema: nilikuwa nimelala.

Na wewe? Wewe unayejua lugha mbili, uliyezaliwa huku au uliyeletwa mdogo, unayewatafsiria watoto wako katuni, unayemsomea mama mkwe wako bili ya umeme. Usiniandikie barua. Kituo unakijua, umekipita mara elfu ukienda sokoni. Humo ndani, leo, juu ya kiti cha plastiki, yupo mzee wa mtu mwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Vaa viatu. Ingia, mwambie aliye kaunta: nimekuja kumsomea yule mzee kabla hajatia sahihi, na siondoki. Wakikuuliza kama ni nduguyo, jibu unavyoona, ila usitoke. Nenda sasa. Kalamu imeshagusa karatasi.